Dereva ina changamoto?

Kijana wa Nyegezi, Mwanza, yumo katika kazi ya taa za sola zinazojiwasha giza likiingia. Programu inayoendesha kihisi, yaani kifaa cha taa hizo kinachopima mwanga, wao wanaiita dereva. Anauliza: "Ninapokagua msimbo wa mwenzangu niandike 'dereva anasoma mwanga' au 'dereva inasoma'? Halafu bosi wetu hataki tuandike 'kosa'. Anataka 'changamoto', eti ndiyo heshima. Ni sawa?"

La kwanza ni jepesi. Dereva wa daladala ya Buhongwa ana roho: anasoma, anasinzia, anagoma. Dereva ya kihisi mwanga haina roho, basi inasoma. Ukichoka kuchekwa, tumia kiendeshi; kinasoma, na mjadala umekwisha.

La pili ndilo nililokuwa nalingojea. Changamoto kwa asili ni jambo linalokuamsha, likakutia ari. Lilikuwa neno zuri. Siku hizi maji yakikatika ni changamoto, mhasibu akitafuna hela ni changamoto, na juzi nimesikia mtu ana "changamoto ya tumbo". Anaharisha, jamani!

Msikilize mvuvi wa dagaa pale Kirumba. Mtumbwi wake ukiingiza maji, anasema unavuja, kisha anamwonyesha fundi ubao wenyewe na ufa wenyewe. Hebu aseme "mtumbwi una changamoto ya maji". Fundi atamkodolea macho, kwani hata ziwa lina maji. Atauliza: unavuja? Umejaa? Umezama? Mvuvi itabidi aseme kile alichokwepa kusema tangu mwanzo, na hapo maji yamefika magotini.

Kijana amenipa maneno aliyoandika kumridhisha bosi: "Dereva ina changamoto ya muda, ya jua na ya mawasiliano." Nikamwomba anifafanulie. Kihisi chao ni BH1750. Katika hali ya usomaji makini kinaweza kuchukua hadi milisekunde 180 kupima, ila dereva inasubiri 20 tu, kwa hiyo inaokota kipimo cha zamani. Hilo ni haraka, tena haraka ya kijinga. Hiyo "ya jua" ni kwamba namba yake ya biti 16 inaishia 65,535, yaani kama laksi 54,600 (laksi ni kizio cha mwanga) kwa mpangilio wa kawaida, na jua kali la mchana hupita laksi 100,000. Kihisi kimejaa, jua halina hatia. "Ya mawasiliano" ndiyo iliyonimaliza: waya ukichomoka, dereva haiangalii kama usomaji umeshindikana, inarudisha sifuri, taa inadhani usiku umeingia na kuwaka saa sita mchana. Na betri inaliwa hivyo hivyo, kwa heshima.

Heshima iwe kwa mtu. Mwenzako akiwa mkubwa wako, mpe shikamoo yake, kisha mwonyeshe mstari wenye kosa. Kasoro, hitilafu, dosari, yote yapo, chagua ulipendalo. Bosi naye nisimnyime kila kitu: changamoto alitumie kwenye risala, ambako hakuna anayetarajia kurekebisha chochote.

Wewe andika hivi: "Dereva inasoma kabla kipimo hakijakamilika. Ongeza muda wa kusubiri ufike milisekunde 180. Usomaji ukishindikana, rudisha kosa, usirudishe sifuri."