Uvimbe Uliosinzia: Kabla Ndugu Yako Hajaingia Kwenye Jaribio la Dawa

Mdogo wangu aliingia kwenye jaribio la dawa ya saratani ya mifupa akiwa na miaka 47, hapa Houston, akameza vidonge viwili kila asubuhi kwa miezi kumi na mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka hospitali, namwandikia maswali, na jioni nampigia mama simu Tanga kumweleza yaliyosemwa. Tangu hapo nimepigiwa simu na watu wa Muscat, Nairobi na Birmingham, na wote huuliza jambo moja: "Dada, tuingie au tusiingie?" Hilo siwezi kumjibia mtu. Ninachoweza ni kuwaeleza swali ambalo sisi tulichelewa kuliuliza: jaribio hili linataka kujua nini, na sisi tunataka nini? Tulidhani ni kitu kimoja. Hakikuwa kimoja.

Alikuwa dereva wa malori ya masafa. Nyonga ilipoanza kumuuma, kliniki ya kwanza ilimpa dawa za maumivu kwa miezi saba, ikisema ni kukaa sana kwenye usukani. Picha ilipopigwa hatimaye, mfupa wa nyonga ulikuwa na uvimbe: kondrosakoma, saratani inayoanzia kwenye seli za gegedu. Alifanyiwa upasuaji, akarudi kutembea kwa fimbo, tukashukuru. Miaka miwili baadaye madoa yakaonekana kwenye mapafu. Kondrosakoma ya kawaida haisikii kemo, na mionzi nayo huipata kwa shida. Tiba yake ni kisu, na kisu hakiwezi kufukuza madoa kumi na mawili yaliyotawanyika.

Ushauri wangu wa kwanza unatoka hapo. Ulizeni kuhusu kipimo cha jeni mapema, msingoje mpaka njia nyingine zote zifungwe. Mwaka 2011 watafiti, wakiwemo wa hospitali ya mifupa ya Stanmore huko Uingereza, walionyesha kwamba karibu nusu ya kondrosakoma za kawaida zinazoanzia ndani ya mfupa zina kasoro kwenye jeni ya IDH1 au ndugu yake IDH2. Dawa iliyokuwa inajaribiwa, ivosidenib, inalenga IDH1 tu. Usipokuwa na kasoro hiyo, mlango haufunguki hata ukililia. Kipimo kinahitaji kipande cha uvimbe. Cha mdogo wangu kilikuwa kimehifadhiwa ndani ya nta kwenye maabara ya hospitali iliyompasua, na kukihamisha kulituchukua wiki tatu za simu na fomu. Wiki tatu ni nyingi kwa mtu ambaye mapafu yake yanajaa. Siku ya upasuaji wenyewe, ulizeni kipande kitawekwa wapi na nani ana mamlaka ya kukitoa.

Mama alitaka kujua dawa inafanya nini. Nilimweleza hivi: ile jeni iliyoharibika ni kama mashine mbovu inayofuka moshi mchana kutwa, na ule moshi ndio unaozizuia seli zisikomae, zinabaki changa na kuongezeka tu. Kidonge kinaziba bomba la moshi. Hakibomoi mashine. Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo huo uvimbe hautoki? Unasinzia tu?" Nikamwambia ndiyo, mama, tunaomba usinzie. Ni yeye aliyeelewa kabla yetu. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tumeshaambiwa na daktari kwa maneno makubwa, tukaitikia kwa vichwa, na moyoni bado tulikuwa tunangoja madoa yafutike.

Tungeangalia namba tungejua. Jaribio la awamu ya kwanza la dawa hii hii, lililochapishwa mwaka 2020, lilikuwa na wagonjwa 21 wa kondrosakoma. Kilichotangazwa kuwa mafanikio ni kwamba kwa 11 kati yao ugonjwa ulisimama. Kwa nusu ya wagonjwa ugonjwa ulisogea kabla ya miezi 5.6 kutimia, na kwa nusu nyingine baada ya hapo. Kwa hiyo daktari akisema "matokeo ni mazuri", mwombe akwambie uzuri wenyewe ni upi: uvimbe kupungua, uvimbe kusimama, au mgonjwa kuishi zaidi? Ni mambo matatu tofauti. Sisi miezi minne ya kwanza kila baada ya skani tulitoka na huzuni kwa sababu madoa yalikuwa palepale, wakati muuguzi wa utafiti alikuwa anatabasamu. Tulipoteza furaha ya miezi minne kwa kutojua kwamba palepale ndipo tulipotakiwa kuwa.

Fomu ya ridhaa ilikuwa na kurasa 26. Msiisaini siku mnayopewa. Nendeni nayo nyumbani, isomeni kwa sauti, na kila mstari msiouelewa muupigie alama. Kama Kiingereza kinawachosha, hospitali za Marekani zinazopokea fedha za serikali zinawajibika kuwapa mkalimani bila malipo, na Kiswahili kinapatikana kwa simu. Msimtumie mtoto wa miaka kumi na sita kutafsiri habari za kifo cha baba yake. Nimeiona familia ikifanya hivyo, na yule mtoto sitamsahau.

Mambo mawili ndani ya fomu yalitukosesha usingizi. La kwanza ni kidonge tupu. Jaribio letu lilikuwa la kupiga kura kwa kompyuta: wengine wanapata dawa, wengine kidonge kinachofanana nayo lakini ndani hakina kitu, na hakuna anayejua nani amepata nini, hata daktari. Mdogo wangu alikasirika, akasema wanamchezea. Aliyemtuliza ni daktari mmoja kijana, kwa kumwonyesha jaribio la Ufaransa la dawa nyingine, regorafenib, kwa wagonjwa wa osteosakoma, saratani nyingine ya mifupa, iliyosambaa, lililochapishwa mwaka 2019. Baada ya wiki 8, kati ya 26 waliopewa dawa, 17 ugonjwa wao ulikuwa haujasogea. Kati ya 12 waliopewa kidonge tupu, hakuna hata mmoja. Bila wale 12, nani angejua kuwa ni dawa iliyousimamisha ugonjwa, na si tabia ya ugonjwa wenyewe? Na wale 12 waliruhusiwa kuvuka kwenda kwenye dawa ugonjwa uliposogea. Ulizeni hilo kwa maneno haya haya: ugonjwa ukisogea, nitaambiwa nilikuwa nameza nini, na nitavushwa? Kwetu jibu lilikuwa ndiyo, na limeandikwa. Kama halimo kwenye karatasi, lichukueni kuwa hapana.

La pili ni moyo. Dawa hii inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo kipimo cha umeme wa moyo hurudiwa mara kwa mara. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ni jambo linalotuhusu sisi zaidi ya wazungu waliokuwa nasi kwenye foleni. Mama mdogo alituma unga wa mlonge na maji ya mwarobaini kwa mtu aliyekuwa anasafiri, kwa upendo kabisa. Mdogo wangu alitumia siku nne bila kusema. Nilipojua nilimwambia muuguzi siku hiyo hiyo, nikitetemeka, nikidhani tutafukuzwa. Hakufoka. Aliandika jina la mti na kiasi, akamuuliza mfamasia, wakamwomba aache. Ini linalosaga dawa ndilo linalosaga na miti, na vitu viwili vikigombea njia moja, dawa inaweza kujaa mwilini au kupotea. Hata balungi limekatazwa. Hata kumeza vidonge pamoja na mlo wenye mafuta mengi, kwa hiyo chapati na nyama ya kukaanga zilisubiri mchana. Semeni kila kitu kinachopita kooni, pamoja na maji ya kisomo kama yamechanganywa na kitu. Ukificha unajidhuru mwenyewe, na unawadanganya wagonjwa wote watakaokuja baada yako.

Mwezi wa sita wa jaribio, ugonjwa ukiwa umesimama, aliomba kwenda kumwona mama. Wengi hudhani ukiingia jaribio umefungwa. Hapana, unaweza hata kujitoa wakati wowote bila kueleza sababu. Kwa safari, walipanga tarehe katikati ya miadi miwili, na kabla hatujakata tiketi daktari alipitia dawa za malaria. Lumefantrini iliyomo kwenye dawa mseto, na kwinini, nazo zinagusa mapigo ya moyo. Alimwandikia dawa ya kinga inayofaa na barua ya kuonyesha akiugua Tanga. Kama unaishi ughaibuni na unarudi nyumbani ukiwa kwenye dawa ya aina hii, barua hiyo iwe mkoba mmoja na pasipoti.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Dawa ya jaribio haikuuzwa kwetu. Vipimo vya kawaida vililipwa na bima, na tangu Januari 2022 hata Medicaid, bima ya serikali ya Marekani kwa wenye kipato kidogo, inatakiwa kulipia gharama za kawaida za mgonjwa aliye kwenye jaribio linalostahili. Ulizeni pia petroli na hoteli, maana hakuna atakayewaambia msipouliza. Na mlioko nyumbani, mtu akikutumia ujumbe kwamba ana nafasi ya "majaribio" na unatakiwa utume pesa kwanza, huyo ni mwizi. Jaribio la kweli limeandikishwa mahali unapoweza kulisoma, kama ClinicalTrials.gov au daftari la majaribio la Afrika, PACTR, na kwa Tanzania lazima liwe na kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Mwezi wa kumi na moja wa jaribio, doa moja la pafu la kulia lilikua. Bahasha ikafunguliwa: alikuwa kwenye dawa yenyewe tangu mwanzo. Kwa kanuni za jaribio alitakiwa kutoka, na hakukuwa na kitu cha kuvushiwa. Hapo ndipo tulipokosea kosa ambalo bado linaniuma. Kwa miezi kumi na mmoja timu ya utafiti ilikuwa ikitupigia kila wiki. Simu ziliisha baada ya ukaguzi wa mwisho, na sisi hatukuwa na daktari mwingine anayemjua. Maumivu yalirudi usiku, na tulikaa wiki tatu kabla hatujaonana na daktari wa tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa. Alibadilisha dawa za maumivu siku ile ile, na usiku ule mdogo wangu alilala mpaka alfajiri. Tungeweza kumwomba daktari huyo tangu siku ya kusaini, jaribio halikukataza. Ombeni wiki ya kwanza.