Bango la bendera lililonishinda Wellington

Juzi dada mmoja anayesomea usanifu chuoni kaniandikia: "Kaka shikamoo. Tumepewa kazi ya bango la kushawishi watu wabadili bendera ya taifa. Nianzie wapi?" Marahaba, mdogo wangu. Umemuuliza mtu mwenye kovu.

Machi 2016 nilikuwa mwanafunzi Wellington, na New Zealand walikuwa wanaipigia kura bendera yao. Wananchi walileta michoro 10,292, mmojawapo una ndege kiwi anayefyatua leza machoni (sitanii, na hadi leo naupenda kuliko yote). Ikachujwa ikabaki mitano. Kura ya kwanza, mwishoni mwa 2015, ikaupa ushindi mchoro wa Kyle Lockwood wenye jani jeupe la kangaga. Kura ya pili ikawa: jani hilo, au bendera ya zamani yenye ile ya Uingereza pembeni?

Kikundi cha wanafunzi wenzangu kilitaka mabango ya kuunga mkono jani. Nikajitosa. Siku mbili sikulala. Nikaweka ukoloni, nikaweka Kanada walivyobadili mwaka 1965, nikaweka fonti nne, na kule chini kabisa nikabandika bendera ya New Zealand na ya Australia, kila moja kama stempu, kuonyesha zinavyofanana. Nilijiona fundi.

Nikaibandika nakala ya kwanza jikoni. Mwenye nyumba wangu, mzee aliyezaliwa mtaa uleule, akasimama na kikombe chake cha chai. Maneno yangu hakuyasoma. Akainama, akagusa moja ya zile stempu, akasema, "Walau yetu umeichora vizuri."

Alikuwa amegusa ya Australia.

Unajua nilifanya nini? Niliona aibu. Nikarudi kwenye kompyuta, nikaandika jina la nchi chini ya kila bendera ili mtu asichanganye tena. Hoja yangu yote ilikuwa imesimama pale jikoni na kikombe mkononi, mimi nikaizima kwa maandishi! Bendera mbili kubwa, swali moja, "Yetu ni ipi?", basi. Hilo ndilo lilikuwa bango.

Kikundi kilichagua la mwenzangu. Langu lilibandikwa mlango wa choo, nyota zimemezwa na buluu iliyotoka zambarau, na hakuna aliyenieleza kwa nini. Miaka imepita, nimeshatengeneza mabango ya watu wengi na wanarudi kwangu, lakini ule mlango bado naukumbuka.

Kwa hiyo chagua jambo moja. Narudia, moja. Libandike ukutani, rudi nyuma hatua sita, ulitazame. Kama unahitaji kusogea ili uelewe, futa. Ninyi vijana mnapenda kujaza karatasi kwa sababu mnaogopa kuonekana hamkufanya kazi. Acheni hiyo.

Ukikosa mfano, chukua Rwanda. Bendera yao ya zamani, nyekundu, njano na kijani, ilifanana na ya Guinea mpaka wakaiwekea herufi R katikati. Bendera imeandikwa jina kama daftari la mtoto! Walipoibadili mwaka 2001 sababu ilikuwa nzito kuliko hiyo, damu ya 1994, ila kwa bango la darasani ile R peke yake inakutosha.

Na usimdharau anayeipenda ya zamani. Nilipomweleza mzee wangu kwamba ile ilikuwa ya Australia, alicheka, halafu akanyamaza. Akasema hata hivyo yao ndiyo iliyofunika jeneza la kaka yake. Bango langu halikuwa na neno la kumjibu, nami sikuwa nalo. Kura zilipohesabiwa, asilimia 56.6 walikuwa upande wake.

Nitumie rasimu kabla hujachapa. Na hiyo buluu uione kwanza kwenye karatasi, usiiamini skrini.