Barua kwa mwanangu: namba iliyomeza milioni 852

Marahaba, mwanangu Neema.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mmeingiza mkataba wa shilingi bilioni 3, mfumo wenu ukahifadhi 2,147,483,647 na kunyamaza kimya. Unauliza, "Mama, mbona namba hii na si nyingine?" Milioni 852 na ushee zimeyeyuka bila mwizi! Nisamehe, nimecheka.

Chukua mbili 31, zizidishe pamoja, toa 1. Ndiyo hiyo. Kwenye kizio cha mbili, yaani kuhesabu kwa 0 na 1 tu, inaandikwa kwa tarakimu 1 tupu, 31 mfululizo, bila sifuri hata moja. Aliyeunda safu yenu ya fedha aliipa biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1. Moja inaonyesha kama namba ni chanya au hasi, 31 zilizobaki zimejaa. Kibaba kikijaa hakipokei hata punje. Fundi wenu aifanye safu iwe ya biti 64, yaishe.

Ila mimi la kompyuta silo linaloniwasha. Namba hii ni tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe. (Jina "tasa" silipendi, linasikika kama tusi kwa mwanamke, lakini darasani nimelifundisha miaka yote.) Mwanahisabati Leonhard Euler alithibitisha hivyo mwaka 1772 huko St. Petersburg, Urusi, macho yake yakiwa karibu yamekwisha. Kipeuo cha pili cha namba hii hakifiki 46,341, kwa hiyo mtu wa kawaida angejaribu tasa zote zilizo chini ya hapo, maelfu kadhaa. Euler akaonyesha kwamba kigawo chake tasa, kama kipo, ukikigawanya kwa 248 lazima kibaki 1 au 63. Kufika 46,341, ukishaiacha 63 yenyewe, namba za aina hiyo ni 372 tu, na zisizo tasa humo unaziruka.

Jana jioni nilianza mwenyewe, nyuma ya kalenda ya mwaka jana. 63 ina 9 ndani yake, ruka. 249 ni 3 mara 83, ruka. 311 ni tasa: nikapata 6,905,092, baki 35. Nikaruka ruka mpaka 1,303: baki 226. Hapo baba yako akauliza harufu ya kuungua inatoka wapi, nikaikimbilia sufuria.

Kabla sijasahau. Kompyuta nyingi za zamani huhesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970, katika kibaba hiki hiki. Kitajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za huku kwetu. Angalieni safu zenu za tarehe pia, maana mkataba wa miaka 15 mkiusaini leo unavuka siku hiyo.

Mama yako