Sukari Kupanda Baada ya Matembezi ya Alfajiri

Swali: Daktari, shikamoo. Nina kisukari cha aina ya pili na ninatumia dawa ya metformini pekee. Kila alfajiri, kabla ya kula, huupanda mlima wa Kololo kwa mwendo wa haraka. Jana kipimo cha sukari kilisoma 7.1 mmol/L nilipotoka na 8.4 niliporudi. Je, mazoezi yananidhuru? (Msomaji, Kampala)

Jibu: Marahaba. Hayakudhuru. Kuelekea mapambazuko mwili hutoa homoni zinazolichochea ini kumimina sukari katika damu, na unapopanda mlima kwa kasi homoni hizo huongezeka, hata ini likatoa sukari nyingi kuliko misuli inavyoweza kuitumia kwa wakati huo. Kwa kawaida kiwango hushuka baadaye. Pima tena baada ya saa moja au mbili, uandike. Siku nyingine tembea baada ya kifungua kinywa, kwenye tambarare, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza, kisha ulinganishe.

Ni nadra metformini peke yake kushusha sukari kupita kiasi. Anayetumia glibenklamidi (vidonge vinavyoufanya mwili utoe insulini zaidi) au insulini ndiye wa kujihadhari zaidi: akipima chini ya 5.0 kabla ya kutoka, ale kwanza ndizi mbivu, ile tunayoiita bogoya. Akianza kutetemeka na kutokwa jasho jembamba njiani, dalili za sukari kushuka mno, asimame, anywe nusu ya chupa ya soda ya mililita 300 (yenye sukari, tafadhali), na apime tena baada ya dakika 15.