Mbona mawe ya makaburi ya vita yote yanafanana?

SWALI: Habari mhariri, pole na kazi. Nilipita kwenye makaburi ya wanajeshi wa vita kuu, yale ya mawe yaliyopangwa mistari, nikaona la kanali na la askari wa chini yako sawa kabisa. Nani aliamua hivyo? Na waliokufa kwa ugonjwa, au ambao maiti zao hazikuonekana, nao wanahesabiwa?

JIBU: Asante sana msomaji, swali zuri hili. Walioamua ni tume ya dola ya Uingereza iliyoundwa mwaka 1917, baada ya Fabian Ware, aliyekuwa na kikosi cha Msalaba Mwekundu kule Ufaransa, kuona watu wanazikwa tu na hakuna anayeandika nani kalala wapi. Leo inaitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola na inatunza kumbukumbu za watu kama milioni 1.7.

Kufanana huko kulizua ugomvi mkubwa Uingereza, manake wenye uwezo walitaka wawarudishe watoto wao nyumbani wawajengee makaburi ya kifahari, tume ikakataa katakata, ikasema waliokufa pamoja walale pamoja, na tajiri asipate cha kumzidi maskini. Mi naona walikuwa sahihi ingawa najua kwa mama aliyefiwa ilimuuma sana. Kwenye jiwe utakuta nembo ya kikosi, namba, cheo, jina, tarehe ya kifo, mara nyingi umri na alama ya dini, halafu chini familia ilipewa nafasi ya maneno yake, herufi 66 basi, na nafasi kati ya maneno inahesabiwa humohumo. New Zealand hata hayo maneno ilikataa, kwa ajili ya usawa huohuo.

Ugonjwa unahesabika, ndio. Kama mtu alikuwa bado jeshini na kafa kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, au 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947, iwe risasi, homa au ajali, anaandikwa. Hata waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa kutoroka wana jiwe lilelile. Aliyekuwa ameshaachishwa jeshi ndo inabidi ithibitishwe kwamba kilichomuua kilitokana na utumishi wake.

Mwili ukipatikana bila jina, jiwe linaandikwa kwamba huyu anajulikana na Mungu, maneno aliyoyachagua mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling ambaye mwanawe mwenyewe alipotelea vitani mwaka 1915. Wasiopatikana kabisa majina yao yanachongwa kwenye mnara, pale Thiepval Ufaransa yako zaidi ya 72,000, na mmoja akija kutambuliwa miaka mia baadaye anapata kaburi lake na jina linakuja kuondolewa ukutani.

Sasa usawa huo haukufika kwa kila mtu, na hapa ndo panaponiuma. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, inawataja wapagazi kuwa ni miguu na mikono ya jeshi, inasema ukiipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako, lakini jina la mpagazi hata mmoja halipo pale! Mwaka 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti ikaomba radhi, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kazi ya kuwatafuta inaendelea, na Januari 2025 ulizinduliwa mnara Cape Town wenye majina zaidi ya 1,700 ya wafanyakazi weusi wa jeshi waliokuwa wameachwa.

Kwa hiyo msomaji, kama kwenu kuna babu aliyeenda vitani hakurudi, andika jina lake ulitafute kwenye tovuti ya tume, ni bure, ila jaribu tahajia tofauti tofauti maana makarani waliandika walivyosikia. Usipolikuta na una karatasi yoyote ya jeshi inayomtaja, wapelekee, ushahidi wa waliosahaulika wanaupokea mpaka leo.