Gesti za bei ya chini kutoka Iringa hadi Matema: gusa maji, hesabu blanketi, ndiyo uulize bei

Mkuu, umeuliza namna ya kulala kwa bei nafuu Iringa, Njombe, Mbeya, Tukuyu hadi Matema mwezi wa saba, ukiwa na begi la mgongoni na hela ya kubana, na kwamba umetishwa kuhusu gesti za ajabu ajabu za huku. Huku juu milimani usichague chumba kwa sababu tu umeambiwa ni selfu, yaani chenye choo na bafu ndani. Angalia maji ya moto, kisha blanketi, kisha ukimya. Chumba cha choo cha nje ambacho asubuhi unaletewa ndoo ya maji ya moto ni bora mara nyingi kuliko selfu yenye vigae vipya na bomba linalotoa maji ya kugandisha vidole.

Iringa mjini iko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Mbeya kama 1,700, na Njombe inakaribia 2,000. Ukipandisha Makete, miezi hiyo sakitu (umande unaoganda) huanguka usiku. Blanketi moja jembamba halitoshi, kwa hiyo omba la pili kabla hujalipa, maana saa tano usiku mhudumu amelala na stoo imefungwa. Kagua luva za dirisha moja moja, kwani kioo kimoja kikikosekana chumba chote kinapoa. Kaa katikati ya godoro: ukihisi chaga, sponji imekwisha, omba chumba kingine.

Halafu hili la jiko la mkaa, nalisema kwa uzito wote. Kwenye sehemu za baridi kali kuna mtu atakupa jiko uweke chumbani upate joto. Kataa, hata kama mkaa umeshika vizuri na hauna moshi. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na chumba kidogo kilichofungwa kinajaa huku umelala. Watu hufa hivyo bila hata kuamka. Badala yake omba maji ya moto, yatie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko cha kukaza, izungushie fulana, iweke miguuni. Chupa nyepesi ya soda usiitumie, maji yanayochemka yanaikunja.

Shawa ya umeme ndiyo inayowachanganya wageni wengi. Ile inayofungwa kichwani mwa bomba inakula umeme mwingi, kilowati tatu hadi tano na ushee, na haiwaki mpaka maji yawe na msukumo. Chumba cha ghorofa ya juu kabisa, kilicho chini kidogo tu ya simtanki, msukumo wake ni hafifu, ndiyo maana shawa haipashi. Chumba cha chini kwenye jengo hilohilo kitakupa maji ya moto. Kama inawaka lakini maji ni vuguvugu, punguza bomba kidogo, maji yakipita polepole yanapata joto zaidi. Ukitaka kubadilisha kitufe cha joto, zima kwanza swichi kubwa ya ukutani, na uwe mkavu. Ukigusa bomba la chuma na usikie mchonyoto, toka, usioge hapo: waya wa ardhi haupo au umekatika. Na muulize mhudumu kama Luku (mita ya umeme wa kulipia kabla) ina uniti za kutosha hadi asubuhi. Si swali la aibu.

Vituko vingine havina madhara. Utakuta ukuta wa bafu usiofika darini, swichi ya taa iko koridoni, jengo lenye nondo zimechomoza juu zikisubiri ghorofa ijayo. Hivyo vumilia. Usivumilie mlango usio na komeo la ndani. Beba kufuli lako la wastani, kwa sababu milango mingi ya bei hii ina pete za kufuli kwa nje, na funguo za gesti zina nakala zisizohesabika. Dirisha linalofunguka koridoni nalo likatae ukiweza: hewa haipiti na taa inawaka usiku kucha.

Kuhusu kelele, gesti iliyoungana na baa Ijumaa na Jumamosi hailaliki, hata wakikuapia kwamba muziki unazimwa mapema. Mbeya, maeneo ya Mwanjelwa na Kabwe yana vyumba tele na chakula kiko karibu, lakini usilale ukuta kwa ukuta na stendi, honi zinaanza kabla ya alfajiri. Ukija kwa treni ya TAZARA, stesheni iko Iyunga, nje kidogo ya mji, na treni huchelewa. Piga simu gesti mapema mlinzi ajue utagonga geti usiku. Iringa stendi ya mabasi ya mikoani iko Igumbilo, chini barabarani, na mji wenyewe uko mlimani. Kama una basi la alfajiri lala huko chini au Ipogolo, vinginevyo panda bajaji ukalale mjini. Usimwachie dereva akuchagulie gesti, mara nyingi anapewa chochote kwa kila mgeni. Mama lishe atakwambia ukweli zaidi.

Bei: choo cha nje kwa kawaida ni elfu kumi hadi kumi na tano, selfu ya kawaida elfu ishirini na kuendelea. Lipa usiku mmoja mmoja. Ukilipa siku tatu kwa mkupuo na chumba kikawa kibovu, kurudishiwa ni vita. Daftari la wageni utaandika jina, utokako, uendako na namba ya kitambulisho. Muda wa kutoka ni saa nne asubuhi, ila begi huwa wanakubali likae mapokezi. Mkiwa wanaume wawili mnaotaka kugawana chumba, gesti nyingi zitakataa, kwa hiyo bajeti yenu iwe ya vyumba viwili. Hosteli za makanisa, Walutheri, Wamoravian na Wakatoliki, mara nyingi zina vyumba vya vitanda viwili na ni safi na tulivu, ila pombe hapana na geti linafungwa mapema.

Kunguni hawajali baridi. Mulika kwa simu mishono ya godoro upande wa kichwani na viungo vya kitanda cha mbao. Ukiona vidoti vyeusi, ondoka hata kama umeshaandika daftari. Begi liweke juu ya kiti.

Tukuyu ni mvua na unyevu, nguo hazikauki, chumba cha chini kinanuka ukungu. Hapo ndipo ghorofa ya juu inafaa, maji ya moto ukaombe kwa ndoo. Ukiteremka Kyela na Matema mambo yanageuka kabisa: uko chini ya mita 600, joto lipo na mbu wapo. Huko sahau blanketi, kagua chandarua kama kina matundu, kichomeke chini ya godoro pande zote kabla jua halijazama.