Kidonda kilipona, sasa viganja vimetoka madoa

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 28, nalima zabibu huku Hombolo. Mwezi wa tatu, baada ya kuuza mzigo, nililala mjini na msichana niliyemkuta baa, bila kondomu. Wiki kama tatu baadaye nikaona kidonda kimoja kwenye uume, hakiumi hata kidogo. Zahanati niliogopa kwenda kwa sababu nesi wa pale ni mama yangu mdogo. Mzee mmoja wa dawa za asili akaniuzia unga kwa shilingi 15,000, nikawa natia kwenye chai, na mwezi haukuisha kikakauka. Sasa nimetokwa na madoa viganjani na kwenye nyayo, hayawashi. Mchumba wangu ana mimba ya miezi mitano, ndoa ni baada ya mavuno ya Septemba. Je, nimepona? Na nikimwambia, si ataniacha?*
*Mkulima, Hombolo*

Marahaba mwanangu. Hujapona. Kilichopona ni kidonda, na hicho kingekauka hata ungekunywa uji wa mtama.

Yule mzee alikuuzia muda. Kidonda cha kaswende hutokea wiki kama tatu baada ya kuambukizwa, hakiumi, na hufunga chenyewe kati ya wiki tatu na sita. Mgonjwa akiwa amekunywa unga, sifa zinakwenda kwa unga. Wadudu wenyewe wakati huo wameshaingia kwenye damu. Wazee wetu waliuita ugonjwa huu sekeneko, na waliuogopa kwa sababu waliona unakoishia.

Hayo madoa ya viganjani na nyayoni yanaelekea sana kuwa hatua yake ya pili, ingawa neno la mwisho ni la kipimo cha damu, si langu. Na nikuonye mapema: madoa nayo yatafutika bila dawa. Usije ukashangilia mara ya pili. Baada ya hapo kaswende inaweza kukaa kimya miaka mingi, kisha ikaibukia kwenye moyo, ubongo au macho.

Mama mdogo nakuelewa. Nesi anapaswa kutunza siri ya mgonjwa, hata kama mgonjwa ni mtoto wa dada yake, lakini sitaki ubishi huo ukucheleweshe wiki nyingine. Panda gari uje Dodoma mjini, nenda Kituo cha Afya Makole au hospitali ya rufaa ya mkoa. Waambie kama ulivyoniambia mimi: kidonda, tarehe, madoa. Omba na kipimo cha VVU, kwa sababu kidonda kama kile humfungulia VVU mlango.

Dawa yenyewe ni ya zamani na bado inafanya kazi: sindano ya penisilini, ile nzito ya benzathini, inayochomwa makalioni. Inauma, sikudanganyi. Kwa ugonjwa ambao haujafika mwaka, dozi moja hutosha. Ukiwa wa muda mrefu au haujulikani ulianza lini, ni dozi tatu, moja kila wiki. Kama penisilini iliwahi kukuvimbisha au kukubana pumzi, sema kabla hujachomwa. Usiku wa kwanza unaweza kupata homa na mwili kuuma. Mara nyingi ni wadudu wanakufa, na hupita ndani ya siku moja. Karatasi ya matibabu itunze, maana kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kusoma kaswende miaka mingi baada ya wewe kupona.

Sasa mchumba. Hapa ndipo barua yako iliponikosesha usingizi, kwa sababu umeuliza kama atakuacha, hukuuliza habari za mtoto. Kaswende humfikia mtoto tumboni. Mimba inaweza kuharibika, mtoto akazaliwa amekufa, au akazaliwa nayo. Na kama mwenzio alipimwa kliniki mwezi wa nne akaambiwa yuko salama, majibu yale ni ya mwezi wa nne. Anatakiwa kupimwa tena, na mhudumu akijua mwenzi wake anaumwa anaweza kumtibu bila kusubiri.

Habari njema ni kwamba sindano hiyohiyo humtibu mama pamoja na mtoto. Huko Mwanza watafiti waliwafuatilia wajawazito wenye kaswende waliotibiwa kwa dozi moja, na matokeo yaliyochapishwa 2002 yalionyesha mimba zao hazikuwa na hatari zaidi ya zile za wanawake wasiougua. Ila iwe mapema, angalau mwezi mmoja kabla ya kujifungua. Vidonge vya kujinunulia duka la dawa asiguse, vingine havifai kwa mjamzito.

Mwambie hivi, usizungukezunguke: "Mwezi wa tatu nilikukosea. Nimepata ugonjwa, unatibika, lakini unaweza kumdhuru mtoto. Kesho twende wote." Ukishindwa, mwombe mhudumu akae nanyi wawili. Anaweza kukasirika hata kuahirisha ndoa, na ni haki yake. Tendo la ndoa lisimame mpaka wote wawili mmemaliza dozi, na mhudumu amewaruhusu.

Namba ya yule msichana wa baa kama bado unayo, mpigie naye akapime. Na unga uliobaki mwaga, usije ukampa rafiki.